Mahali pa Kumweka Shaibu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio moja jirani na soko la Nachingwea, Meneja hakunionyesha kompyuta. Alinipa wembe na picha ya harusi iliyoharibika, akaniambia nimtoe bwana harusi bila kumgusa sikio. Sikio lilibaki mezani. Akacheka, akasema kompyuta nayo haina huruma, ila itaniruhusu kurudi nyuma nikikosea.

Ninyi vijana mnasema kukata picha. Sisi tulisema kumtoa mtu. Unaikuza picha mpaka uso unakuwa vigae vigae, unachukua kile chombo cha kompyuta kinachoitwa kalamu, kisha unapiga nukta moja moja kuuzunguka mwili: bega, kwapa, ukingo wa ushungi. Nukta zikiwa chache, mtu anatoka na kona kama sanduku. Zikizidi, anaonekana anatetemeka. Ukiufunga mzunguko, vidoti vinaanza kutembea pembeni yake kama siafu, na hapo mtu wako yuko huru, unampeleka unakotaka. Nywele ndizo zilitutoa jasho. Mteja aliyevaa kofia nilimpenda kabla hajafungua mdomo.

Meneja alikuwa mkali, na kwa jambo moja alizidi. Wateja wetu wakipiga picha ya ukutani ya familia, walitaka hata wasiokuwepo wawekwe. Aliye safarini alisimamishwa na wenzake, kingo zake kali, miguu chini, kivuli kikielekea upande mmoja na vivuli vya wengine. Marehemu alikwenda juu kwenye kona, kichwa na kifua tu, kingo zimelainishwa mpaka zinayeyukia angani. "Usishike kipanya kabla hujauliza yupo au hayupo," alituambia. "Ukikosea hapo hujaharibu picha, umetukana watu."

Baadaye nilihamishiwa tawi la Ruangwa, chini ya Msimamizi, mwanamume mpole aliyependa redio kuliko kazi. Huko ndiko alikokuja Mama Shaibu wa Chinongwe, pamoja na mumewe. Walikuwa wamemwoza binti yao, na familia nzima imepiga picha isipokuwa Shaibu, mtoto wao wa kwanza. Huyo alivuka Ruvuma kwenda machimboni Msumbiji, akapiga simu mara moja kusema amefika, kisha simu haikupatikana tena. Miaka ilikuwa imepita. Mama alitaka awekwe kwenye picha, na alileta ile aliyopigwa kabla ya kuondoka, iliyoishia magotini.

Nikawauliza swali letu.

"Yupo," alisema mama.

Mumewe alikuwa anatazama sakafu. "Mama Shaibu, mtoto tumeshamsomea hitima."

"Mmesoma ninyi. Mie nilikuwa napika."

Nikamtazama Msimamizi. Alipunguza redio, akasema aliyemzaa ndiye wa kusikilizwa. Basi nikamsimamisha. Miguu hakuwa nayo, nikaazima ya mdogo wake Rajabu, nikaigeuza ielekee upande mwingine, nikachora na kivuli. Mama aliipangusa ile picha kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi. Baba yake Shaibu alitoka nje bila kuaga.

Nilidhani yameisha. Kumbe kila harusi, kila wajukuu wakitoka jandoni, Mama Shaibu anakuja na picha mpya ili nimhamishie mwanawe. Nilikuwa nimemhifadhi kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake, tayari ameshatolewa. Rajabu akaota kitambi, dada zao wakaota mvi, Shaibu akabaki kijana wa ndevu za kuhesabu. Wakwe wapya wakawa wanauliza huyu ni mtoto wa nani. Mimi kila nilipomshusha katikati ya ndugu zake mkono ulikuwa umezoea, na mwanga niliulinganisha vizuri zaidi kila mara. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na sijawahi kuichukia kazi kama ile.

Kisha mzee akafariki. Nikamweka juu kwenye kona, na mwanawe chini amesimama kwa miguu ya kuazima.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mama Shaibu alikuja peke yake kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mjukuu alikuwa ameoa. Katika picha hiyo mpya ndugu walikuwa wameacha nafasi katikati yao, kama walivyozoea. Nilishamfungua Shaibu kwenye kompyuta mama aliponigusa bega.

"Mpeleke kwa baba yake," alisema. "Mzee yuko peke yake kule juu."

Safari hiyo sikuuliza chochote. Nilikata miguu, nikafuta kivuli, nikalainisha kingo huku machozi yananizuia kuona ninachofanya. Nikamwambia naweza kuwasogeza wengine ili ile nafasi isionekane. Akasema waache walivyo.

Sasa nimestaafu, nimerudi Nachingwea. Vijana wananionyesha simu zao: wanamgusa mtu kwa kidole na anatoka mzima, nywele zote, kabla sijavaa miwani. Ujana wangu uliishia kwenye nywele hizo. Sina la kuwafundisha, na sitawadanganya kwamba haliniumi. Nikijipima naona nilitoa watu na kuwaweka watu maisha yangu yote, na hakuna hata mmoja niliyemrudisha nyumbani kwao.

Juzi nilikutana na Rajabu sokoni, ameleta ufuta. Nikamuuliza habari za mama. Akasema ni mzima, ila kwenye harusi ya mwisho alikataa kupigwa picha. Aliwaambia wapigwe wenyewe, kwani yeye hana tena mtu wa kumwekea nafasi.