Mashimo Kumi na Mawili Nyuma ya Nyumba Yangu Granville

"Mama Nicole, huu udongo unaolimia, umewahi kuupima?"

Jirani yangu Muriuki aliniuliza hivyo juu ya uzio wa mbao, barakoa iko kidevuni. Ilikuwa Agosti 2021. Lokdauni ilikuwa imetubana Granville, huku ughaibuni, mpaka watu wanaongea na miti.

Nikamjibu udongo si mtoto, haupelekwi kliniki.

Akacheka. Muriuki ni Mkenya, mpole. Kampuni yao inachimba viwanja vya watu kuangalia kama ardhi na maji ya chini yana sumu. Mimi niliona ni kazi ya watu waliokosa jembe. Nimeishia darasa la sita, lakini udongo naujua tangu kijijini kwetu Walungu.

Wiki hiyohiyo nikakuta lenga-lenga zangu, mchicha wa kwetu, zina madoa meusi.

Binti yangu Nicole alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mboga hizo anakula kila siku.

Palepale nikamjua mkosaji. Mimi huwajua wakosaji haraka sana. Niliiita karama.

Nyuma ya uzio wangu, mteremko unaposhuka, kulikuwa na garaji ya Ephraim, ndugu yetu wa kanisani. Sikuwahi kuingia mle hata siku moja. Ila nilijua kabisa oili anaimwaga wapi.

Jumamosi, kwenye maombi ya Zoom, nikaomba. Jina sikutaja, mimi si msengenyaji.

"Baba, gusa moyo wa mwenye garaji anayemwaga mafuta kwenye chakula cha mjane."

Kanisa letu lilikuwa na wenye garaji wangapi? Mmoja.

Wakaitika amina. Ephraim akazima kamera.

Baada ya hapo magari ya waumini yakaanza kutengenezwa Guildford, mtaa wa jirani. Nikasema, tazama, Bwana anajibu.

Nilipomsimulia Muriuki, hakuitika amina.

"Mama, huyo mtu anakula na hiyo garaji. Uko na ushahidi ama uko na hasira?"

"Niko na macho."

"Basi tupime."

Akanifundisha, yeye kwake, mimi kwangu, uzio katikati. Kwanza historia ya kiwanja: nani alikaa hapa, nyumba ni ya lini. Kisha nichore uwanja, niugawe vipande kumi na viwili, kila kipande shimo moja.

Mimi nikataka mashimo yote yawe upande wa Ephraim.

"Hapana, mama. Ukichimba mahali unapotaka jibu, utapata jibu unalotaka."

Kila shimo, udongo wa juu kwenye mfuko wake, na wa chini, kina cha mkono mpaka kiwiko, kwenye mfuko wake. Glavu mpya kila shimo. Kijiko kioshwe.

Mara ya kwanza nikampa mifuko mizuri sana. Nilikuwa nimechekecha, nikatoa mawe na vumbi, nikachagua udongo mweusi unaong'aa. Kwetu huwezi kumpelekea mtu kitu kibaya.

Muriuki akaimwaga yote. "Mama, hii si zawadi. Rudia."

Nikarudia. Mgongo ukanisomea zaburi zote.

Oktoba lokdauni ikalegea, akaingia na mabomba matatu membamba. Akayazamisha sehemu tatu, akapima maji ya chini yako umbali gani kwenye kila bomba. Akapiga hesabu kwenye simu.

"Maji yanatoka kwako yanaenda garaji. Hata Ephraim angemwaga pipa zima, mafuta hayapandi mlima."

Sikupenda hilo jibu. Nikamwambia tungoje maabara alikopeleka mifuko yangu.

Maabara ikaleta majibu: mafuta hakuna. Madoa ni ugonjwa wa majani tu. Lakini kuna madini ya risasi, ile sumu ya kwenye rangi za nyumba za zamani. Juu imejaa, chini hakuna kitu. Iliyozidi ni kwenye tuta langu ninalolipenda.

"Hii imeletwa juu, kidogo kidogo," Muriuki akasema. "Asubuhi unafanya nini hapa?"

"Nafagia."

"Uchafu unautupa wapi?"

Nikageuka kuutazama ukuta.

Rangi ya ukuta wangu inabanduka. Miaka sita, kila alfajiri, nimefagia vipande vile pamoja na vumbi, nikavimwaga kwenye tuta kama mbolea. Huku naimba tenzi.

Nicole akapimwa damu. Daktari akasema kiwango ni kidogo, mboga ziachwe, mtoto anaendelea vizuri. Nilipiga magoti kliniki, watu wakadhani nimeanguka.

Wapendwa, funzo naliweka hapa, kwa sababu mwisho wa hadithi hii hauna nafasi yake. Usimtaje mtu mbele za Mungu kwa jambo ambalo hujachimba. Na ukichimba, anzia pale unaposimama wewe.

Novemba kanisa likafunguliwa. Nikasimama mbele ya wote.

"Mwenye garaji niliyemwombea ni Ephraim. Sumu ilikuwa ya ufagio wangu. Ndugu yangu, nisamehe. Nyie wengine, rudisheni magari."

Ephraim akainuka, akaja mbele. Mimi mjinga nikafungua mikono.

Akasimama hatua moja kutoka kwangu.

"Mama Nicole, garaji niliifunga. Funguo nilimrudishia mwenye jengo Jumatatu."

Akamshika mke wake mkono, wakatoka.