Chupa Aliyoifunga Mounira

Mounira huuza chumvi na sabuni sokoni Kasongo, lakini mtaani kwetu tunamjua kwa chupa. Ndiye mpima maji wa komite ya chemchemi. Hutia maji kwenye chupa ndogo yenye dawa, kisha huifunga tumboni kwa kitenge siku mbili, maana dawa hiyo hutaka joto. Maji yakiwa na kinyesi, hugeuka meusi. Sisi tulikuwa tukimuuliza mimba ina miezi mingapi.

Chemchemi yetu, iliyojengwa upya, ilikuwa ifunguliwe Ijumaa baada ya swala. Kwa desturi, mwanamke mkongwe wa mtaa hunywa kikombe cha kwanza, naye ni Bibi Feza, mama yake Mounira. Juma hilo kuhara kulikuwa kumeua wawili mtaa wa pili. Chupa ilifungwa Jumatano alasiri, kwa hiyo Mounira aliomba tusubiri alasiri. Papa Djafari, mkuu wa komite, akajibu kwamba pilau iko motoni na wageni wa Nyangwe wameshafika. Maji tumeyavulia nguo, akasema, hatuna budi kuyaoga.

Mounira akatoa chupa. Maji bado yalikuwa meupe. Wanawake wakapiga vigelegele, Bibi Feza akainua kikombe. Hapo Mounira akampokonya mama yake kikombe mbele ya watu wote, akamwaga.

"Saa yake haiyafika, Mama."

Nilimkasirikia, sifichi. Papa Djafari alisema ametuaibisha. Bibi Feza aligeuza uso, asimtazame bintiye. Mounira akafunga tena chupa, akaketi penye bomba ili mtu asichote, na hakuna aliyemletea hata kigoda.

Adhana ya alasiri ilipokwisha, alifungua kitenge. Chupa ilikuwa nyeusi tii. Niliona haya kwa vicheko vyangu vyote.

Bibi Feza aliitazama, akauliza ugonjwa ule huchukua siku ngapi kuanza.

"Sababu gani unauliza, Mama?"

"Na mimi nilipima," akasema polepole. "Jana. Nilikunywa vikombe viwili, nijue kama iko muzuri, nisiogope mbele ya watu."

Mounira hakumgombeza. Aliita pikipiki, akamkalisha mama yake katikati, akapanda nyuma yake na kumshika tumboni kwa mikono miwili mpaka hospitali. Pilau ilibaki motoni hadi ikaungua.