Puli ya Majivu Yapandishwa Kinuni

Saa mbili asubuhi, Mama Majivu anakoroga alumini iliyoyeyuka kwa nondo ndefu, uso umezibwa na kinyago cha kuchomelea. Kando yake mumewe, ambaye ni fundi wa kupaka rangi, anamwaga majivu ya moto kijiko kimoja kimoja.

"Polepole, bwana wee! Hupiki uji!" anafoka, kisha anacheka mwenyewe.

Alumini ni ya pistoni mbovu na chenga za karakana. Majivu yametoka kwenye boila ya kiwanda cha nguo, ambako yalikuwa yakitupwa. Vikishikana, hutoka puli nyepesi zisizolika upesi, yale magurudumu yanayozungusha mikanda ya mashine.

Leo ndiyo leo. Puli yake ya nne, aliyoimwaga kabla ya leo, inajaribiwa kwa msaga nafaka mwenye mashine sita. Tatu za mwanzo zilipasuka, na mama huyu amekwisha kumwahidi mumewe: hii nayo ikipasuka, tanuri linazimwa, anarudi kushona nguo.

Miezi minane majivu yalimkatalia katakata, yakielea juu kama povu. Wifi yake akamwambia majivu kazi yake ni kusugulia masufuria.

Aliyemwokoa ni mumewe, tena bila kujua. Alichoka kujikwaa kwenye ndoo ya majivu, akaipandisha juu ya mfuniko wa tanuri. Mchana mkewe alipoyamwaga, yakazama yote.

"Kumbe yalikuwa na unyevu! Yalitaka kukaangwa kwanza," anasema. "Siku hizi huyu anajiita mhandisi. Nimwambie nini?"

Saa tisa alasiri mimi mwandishi na Mama Majivu tunafika kinuni. Puli imezunguka tangu asubuhi. Mama Majivu amejishika kiuno, macho kwenye mkanda.

Mashine inazimwa. Anaipapasa puli pande zote. Nzima! Anapiga kigelegele, anamkumbatia msaga, anatoka mweupe kwa unga.

Walipatana aifungue akaikague karakanani, kwa hiyo anatoa spana. Msaga anasimama mbele ya mashine, mikono ameitanua.

"Dada, hiyo huigusi. Mashine yangu haijawahi kutulia hivi. Nenda kanitengenezee nyingine tano."

Njiani anatembea upesi, mimi ndiye ninayekimbia kumfuata. Anataka tanuri kubwa, halafu mashine yake mwenyewe ya kukereza, asipange tena foleni kwa jirani.

"Na cherehani?" namuuliza.

"Mpeni wifi yangu," anajibu bila kugeuka. "Mimi sina nafasi."