Hapana ya Kwanza ya Verlyn Haugstad

Siku Verlyn Haugstad alipomaliza kuchomwa mionzi ya saratani ya koo, walimpeleka kwenye kengele. Kengele ya shaba, imetundikwa ukutani hospitalini, huipiga kila anayemaliza matibabu. Akavuta kamba, manesi wakapiga makofi, akavishwa tisheti iliyoandikwa SHUJAA. Shujaa mwenyewe shingo imeiva kama nyanya, mdomoni hana tone la mate, sauti yake ya bawaba isiyotiwa mafuta. Marlys, mkewe, akampiga picha. Kwenye hiyo picha Verlyn ni kama mtu aliyelazimishwa kuimba kwenye harusi ya adui yake.

Kengele ikafanya kazi yake. Wakati wa matibabu majirani walikuwa wanaleta chakula, bakuli juu ya bakuli: nyama ya kusaga chini, supu ya uyoga ya kopo katikati, viazi vya kukaanga juu. Upendo wote wa Minnesota, jimbo la baridi kaskazini mwa Marekani, uko humo ndani, ladha tu ndiyo haimo. Verlyn hakuweza kumeza hata kijiko. Aliyekula ni Marlys, mpaka akaota kidevu cha pili. Ila kengele ilipolia tu, mji mzima ukajua ugonjwa umeisha. Wakaanza kuja kuchukua bakuli zao.

"Umependeza, bwana," Orrin wa nyumba ya pili akamwambia, kakumbatia bakuli lake. "Mwili kama huo mimi nautafuta tangu nioe."

"Nenda kachomwe koo," Verlyn akamjibu. "Wanatoa na tisheti."

Na huko kukonda ndiko kulikokuwa kesi yenyewe. Daktari alimpandisha kwenye mizani, akakunja uso. Koo limesahau kazi yake, akasema. Kuna mtaalamu anayefundisha watu kumeza upya. Bila huyo, kilo zikizidi kushuka, mpira wa kulishia unarudi tumboni, na safari hii huenda usitoke tena. Verlyn ameendesha gari la kusukuma theluji maisha yake yote. Kwake ule mpira ulikuwa kujazwa mafuta kama lori, umeegeshwa, huna kauli.

"Usijali," daktari akasema. "Tuna kitengo cha huduma za baada ya matibabu. Watakutafuta."

Kitengo, eti. Kilianza kwa kumwalika kwenye kikao cha watu wa saratani ya koo na mdomo. Mwendesha kikao, mama mmoja mwenye hereni za manyoya, akawagawia mawe na brashi. Kila mtu apake jiwe lake rangi, aandike neno moja linalombeba. Wenzake wakaandika TUMAINI, wakaandika NURU. Verlyn akaandika MATE.

"Kuna nini nyuma ya neno hilo, Verlyn?" mama akauliza, kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga.

"Hakuna. Ndiyo maana nimeliandika."

Mama akatikisa kichwa kama aliyesikia hekima, kisha akapitisha viburudisho. Biskuti kavu. Chumba kizima hakina mate, halafu mtu mwenye vyeti ukutani anawapa biskuti kavu. Na kwa kuwa ni watu wa Minnesota, wasiopenda kumuudhi mtu, kila mmoja akachukua moja, akashukuru, akaificha mfukoni.

Mwisho simu ya kitengo ikaja. Binti anaitwa Marisol, anapiga kutoka Arizona, kwenye jua, ambako watu wanasema wanachotaka.

"Mzee Haugstad, kumeza kunaendaje?"

"Si mbaya sana."

"Ungependa nikutafutie mtaalamu?"

"Aa, wapeni wanaohitaji zaidi."

"Safi sana, mzee. Siku njema."

Kwa kina Haugstad, kahawa ya kwanza inakataliwa. Ya pili inakataliwa kwa kicheko. Ya tatu ndiyo unasema haya basi, nusu kikombe. Anayekubali mara ya kwanza kalelewa na mbwa mwitu. Verlyn alikuwa ametoa hapana yake ya adabu, akatulia kusubiri aulizwe tena. Simu ilishakatika zamani.

"Wamesemaje?" Marlys akauliza kutoka jikoni.

"Wamenitakia siku njema."

"Umekataa?"

"Nilikataa kidogo."

"Verlyn, huko kwao ukisema hapana wanadhani ni hapana."

"Washenzi."

"Washenzi kweli. Lakini mwalimu wanaye wao, na wewe umebaki mifupa. Utapiga wewe, au nipige mimi niwaambie walete mpira?"

Akaizunguka simu kama mbwa anayemzunguka nungunungu. Mwishowe akapiga.

"Binti, ni Haugstad."

"Ndiyo, mzee. Umebadilisha mawazo?"

"Hapana. Niulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali lako."

"Ungependa nikutafutie mtaalamu?"

"Sitaki kuwasumbua."

"Sawa, basi siku nje—"

"Usikate. Uliza tena."

Marlys akaangusha mwiko kwenye sinki, makusudi kabisa. Huko Arizona Marisol akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa na wazee.

"Mzee, unamhitaji au humhitaji?"

Verlyn akatazama uji wake wa asubuhi mezani, umepoa, umeota ngozi juu. Hata huo ulikuwa umemshinda.

"Namhitaji," akasema. "Siwezi kumeza. Naogopa ule mpira."

Marlys akageukia dirishani, akaangalia theluji kama vile hajawahi kuiona.

"Alhamisi asubuhi," Marisol akasema, sauti imelainika. "Nimeshakuandika. Na kuna kikao kingine cha mawe, nikuandikishe?"

"Hapana."

"Nikuandikishe?" Binti alikuwa mwepesi kujifunza.

"Hapana."

"Mzee, nikuandikishe?"

"Binti," Verlyn akasema, "ngoja kwanza nifundishwe kumeza. Halafu nitakuja nilimeze jiwe la yule mama, mbele yake."