Tufe la Mpingo na Ncha za Vidole

Mwezi uliopita nilinunua mpira wangu mwenyewe wa boling. Ndiyo, cheka tu. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Mnyambe, kule Newala, ambako hata uwanja wa shule una mteremko, leo anacheza boling kwenye jumba lenye viyoyozi Dar es Salaam. Siku zote nilikuwa natumia mipira ya pale ukumbini, ile ya kila mtu, unayotumbukiza vidole mpaka mashinani. Kijana wa dukani akanipima mkono, akasema, "Mama, mpira wako mpya tuutoboe matundu mafupi. Uingize ncha za vidole tu. Mwanzoni utapata tabu, ila mpira utazunguka vizuri."

Niliangua kicheko mpaka kijana wa watu akadhani nimemdharau. Nikamwomba radhi. Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba maneno hayo niliyasikia nikiwa darasa la nne, kwenye soko la Newala, kutoka kwa bibi yangu mfinyanzi.

Wewe uliyekulia kule utakumbuka msimu wa korosho ulivyokuwa. Asubuhi unaamshwa na harufu ya mabibo yaliyoanguka usiku, tamu na kali kwa pamoja, hata shati la shule linanukia hivyo hivyo. Wakubwa wakishamaliza kuokota, sisi watoto tuliruhusiwa kupita chini ya mikorosho kutafuta korosho zilizosahaulika kwenye majani. Hizo zilikuwa zetu. Tulizichoma kwenye bati, moshi ukituwasha macho, na zilizobaki tulizichezea.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Unachora mstari kwenye mchanga, unazisimamisha korosho juu yake, kila moja imechomekwa kidogo ardhini ili isianguke kwa upepo. Unarudi nyuma, unabingirisha tufe. Ulizoangusha ni zako. Wavulana ndio waliokuwa wanabingirisha. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuzisimamisha upya kila raundi, na ujira wetu ni korosho moja moja, mara nyingi iliyooza.

Bingwa wa mtaa alikuwa mtoto wa fundi baiskeli. Tufe lake lilikuwa la mipira ya ndani ya baiskeli, iliyokatwa vipande na kuviringishwa kwa kukazwa mpaka ikawa ngumu kama nazi. Lilikwenda mbele moja kwa moja, likidundadunda, na yeye akilifuata kwa maringo kama jogoo. Mimi nilikuwa na tufe la siri nyuma ya nyumba ya bibi: tonga kavu, lile tunda la porini lenye gamba gumu, nililolitoboa matundu, nikaila nyama yake, nikalijaza mchanga. Nilitumbukiza vidole mpaka mwisho, nikaachia. Tulicheza wasichana watupu, kwa kunong'ona.

Siku moja yule bingwa akatufuma. Nilidhani atatucheka. Badala yake akakasirika.

"Nani kawaambia mbingirishe?"

"Hakuna aliyetukataza," nikamjibu.

Akafikiri kidogo. "Haya. Siku ya mwisho wa msimu, mbele ya watu. Ukinishinda, wasichana wote mtacheza. Ukishindwa, mtasimamisha bure mpaka mkue muolewe."

Wenzangu wakanitazama. Nikakubali. Na kama mkosi, jioni ile ile tonga langu liligonga kisiki likapasuka, mchanga ukamwagika wote.

Nililia. Bibi hakunibembeleza, hakuwa na tabia hiyo. Alinipa bakuli la ming'oko ya moto, ile mizizi ya porini, yenye chumvi na pilipili, akangoja nimenye na kula mpaka kwikwi ikaisha, kisha akauliza kisa. Nilipomaliza kusimulia akasema, "Kesho kutwa napeleka vyungu Newala. Utanibebea vidogo."

Soko la Newala lilinivuruga akili kila nilipokwenda: dagaa wa Ruvuma, vitenge, mbaazi kwenye madebe, watu wakisalimiana kwa Kimakonde, Kiyao na Kimakua kwenye foleni moja. Bibi alitandika vyungu vyake karibu na mzee mchonga vinu na michi. Chungu chake kikubwa cha mchuzi yule mzee alikuwa akikimezea mate tangu msimu uliopita. Bibi akamwambia kwamba leo hataki pesa, anataka tufe.

"Tufe la nini, Mama?"

"La mjukuu wangu. Ana vita."

Mzee akacheka, akachukua kipande cha mpingo kilichobaki kwenye mchi, akakaa nacho mchana kutwa. Kiliviringika mikononi mwake, cheusi, kizito, laini. Kisha akatia chuma motoni akaanza kutoboa matundu matatu. Chuma hakijaingia sana, bibi akamshika mkono.

"Hapo hapo. Usizidishe."

"Mama, mtoto hataweza kulishika. Litamponyoka."

"Ataweza. Kiganja kinabana tu. Ncha za vidole zinasikia."

Alivyosema hivyo alininyooshea mkono wake, na nikaona kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukitazama: ncha za vidole zilizokuwa pana na ngumu kwa miaka mingi ya kupapasa udongo, kidole kimoja ndani ya chungu na kingine nje, akisikiliza unene wake.

Mzee wa vinu ndiye aliyeelekea kuwa sahihi. Wiki ya kwanza lilikuwa balaa. Tufe liliniponyoka likaangukia mguu wangu. Likaenda upande likaingia kwa Mama Hadija jirani, likamkurupusha kuku aliyekuwa anaatamia, likagonga sufuria la mbaazi.

"Bibi yako amekununulia jiwe!" Mama Hadija alipiga kelele, huku analirudisha kwa kulibeba kwenye upande wa kanga kama mtoto mchanga.

Vidole viliniuma hata kijiko kilinishinda. Nikamwomba bibi tumpelekee mhunzi aongeze matundu kina, niingize vidole vyote kama zamani. Akakataa. "Vingoje vizoee," alisema, akaendelea na udongo wake.

Basi nikaenda nalo kila mahali. Maji yalikuwa ya foleni, ndoo zikijipanga tangu alfajiri bombani, na wakati wenzangu wanarukaruka kamba mimi nilisimama nimelining'iniza tufe kwa ncha tatu za vidole, nikihesabu pumzi. Ngozi ilichubuka, ikapona, ikawa ngumu.

Halafu, jioni moja, ikatokea. Nililiachia nikahisi vidole vinalisukuma kidogo pembeni mwisho kabisa, kama mtu anavyozungusha kifuniko. Tufe lilikwenda kulia, mbali na mstari. Nikasonya. Kisha likabadili mawazo! Lilipinda taratibu, likarudi kushoto, likaupitia mstari wote kwa ubavu kama fagio. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilikimbia kumwita bibi, akaja na mikono yake ya udongo, nikarudia mara tatu sikuweza, mara ya nne likapinda. Bibi alipiga kigelegele peke yake uani, mwanamke mtu mzima yule.

Siku yenyewe, watu walijaa. Akina mama waliacha vinu, wanaume waliotoka ghalani walisimama na baiskeli zao. Tulipokezana raundi, tukaenda sambamba, mpaka mstari wa mwisho, mrefu kuliko yote. Mtoto wa fundi akaanza. Tufe lake likadunda, likapasua katikati, korosho zikaruka. Zilibaki chache huku na chache huku. Watu wakashangilia. Wasichana walizisimamisha zote upya.

Nikaachia. Tufe likaenda kulia, mbali.

"Limepotea!" mtu akapaza sauti, na wavulana wakaanza kucheka. Nakumbuka kicheko chao kikikatika katikati, kwa sababu tufe lilikuwa linarudi. Liliingia mwanzo wa mstari likaukunja wote. Korosho moja tu ilibaki imeinama, na wakati kila mtu anainyooshea kidole, nayo ikalala.

Sijui nani alininyanyua. Nakumbuka kanga ya Mama Hadija, na vigelegele, na yule bingwa akija kusimama mbele yangu kwa uso mzito. Akasema, "Nionyeshe ulivyoshika."

Nikamwonyesha.

Kabla mvua hazijakolea, mtaa mzima ulikuwa unashika kwa ncha za vidole, wasichana na wavulana. Mwalimu wetu wa darasa, aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa na bado alikuwa anashangaa mambo yetu mengi, alikagua kucha Jumatatu akakuta darasa zima lina vidole vilivyovimba, na miandiko imeharibika. Akadhani ni ugonjwa. Akatupanga mstari mpaka zahanati. Muuguzi, mama yake mmoja wetu, alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni mwalimu alikuja mwenyewe kwa bibi kulijaribu hilo tufe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, mchanga haupendi viatu."

Alivua. Alibingirisha mara ya kwanza akaenda nalo chini, suruali ya kazi yote vumbi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwogopa, na hakuna aliyekosa kipindi chake.

Bibi alifariki nikiwa sekondari Masasi. Siku hizi Mnyambe ina nyumba za bati na umeme wa jua, bomba limesogea, na korosho zote zinakwenda ghalani kungoja mnada. Mtoto akionekana anazichezea mchangani ataulizwa kama ana akili. Siwalaumu, nimefurahi kuona watu wangu wanakaa vizuri.

Ila nilipokwenda msimu huu nilikaa nje jioni, na kukawa kimya. Watoto walikuwa ndani wanatazama televisheni. Zamani saa kama ile kila mama angekuwa mlangoni anaita mwanawe, majina yakipishana juu ya mapaa ya nyasi, nasi mchangani tukijifanya hatusikii. Nilikaa mpaka giza likaingia. Natamani nisikie jina langu likiitwa namna ile, mara ya tatu kwa ukali, nami niendelee kujifanya sisikii.