Mhudumu Aliyefunga Jiko kwa Ufunguo

Saa mbili kasorobo asubuhi, Ibtihaj Darawshe anafunga mlango wa jiko, anachomoa ufunguo na kuutia kifuani.

"Mwizi wewe!" Mama Ghattas anamfokea kutoka kitini. "Jiko langu, nyumba yangu!"

"Tukana utakavyo, mama. Leo hupiki kahawa."

Mgeni anayesubiriwa ni nesi wa ofisi ya serikali inayolipia huduma za wazee majumbani. Anakuja kupima upya kama bibi huyu wa miaka themanini na sita anahitaji mtu wa kumhudumia. Hapa Shafa Amru, mji wa Waarabu kaskazini mwa Israeli, mgeni haondoki bila kahawa ya mwenye nyumba, na kahawa hiyo ndiyo iliyowaponza mwezi wa tatu.

Siku hiyo Ibtihaj alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Mama Ghattas alivaa gauni la kanisani, akajikongoja hadi jikoni akishika ukuta, akapika, akamimina, akatabasamu. Nesi alipotoka tu, bibi akaanguka. Alibaki sakafuni hadi mchana, Ibtihaj alipomkuta.

Barua ikaja: anasimama, anapika mwenyewe. Saa kumi na nane za huduma kwa wiki zikawa tano.

"Saa tano!" anasema Ibtihaj, miaka arobaini na saba, kumi na mmoja katika kazi hii. "Kumwogesha tu ni saa nzima. Zikiisha, ajioshe kwa tabasamu lake?"

Naye aliumia. Hulipwa shekeli thelathini na tano kwa saa, na kampuni iliyomwajiri haikumpa nyumba nyingine kufidia saa zilizokatwa. Jirani akamrushia kijembe kwamba anapigania mshahara wake tu.

"Napigania, ndiyo," alimjibu. "Wewe wako unautupa?"

Nesi anabisha hodi. Safari hii ni mwingine, anaitwa Hanin. Anakaa, anafungua makaratasi.

"Unavaa mwenyewe, mama?"

"Navaa."

"Unaoga mwenyewe?"

"Naoga."

Ibtihaj anauma mdomo. Haruhusiwi kumjibia.

Bibi anamgeukia. "Lete ufunguo. Mgeni hajanywa kitu."

"Siutoi."

"Unaniaibisha mbele ya watu!"

"Aibu ni pale nilipokukuta sakafuni. Kama unajiweza, miaka minne yote hii nilikuwa nafanya nini humu?"

Mama Ghattas anajitazama mikono, vidole vimepinda kama kulabu. Kisha anainua uso, na sauti yake ni ya mtu anayegombana sokoni.

"Andika, binti yangu. Kuoga siwezi. Chooni siwezi kujisafisha. Nguo, huyu mwizi ndiye anayenivisha. Ile siku ya mwenzako nilianguka kwa ajili ya kikombe kimoja. Lakini usiniandikie huruma! Miaka ishirini na tisa nimeshona nguo kiwandani, kila mwezi wamenikata fedha za uzeeni. Siombi. Nadai changu."

Hanin anafuta majibu ya kwanza na kuandika mapya. Anapoaga, anasema tu kwamba uamuzi utatoka baada ya wiki tatu.

Ibtihaj hana nia ya kukaa akingoja. Amekwisha kupata nyumba nne nyingine mjini ambako wazee walijikaza mbele ya mkaguzi, wakapunguziwa saa. Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, atakwenda ofisini na wahudumu wenzake na barua zote tano. Wakifukuzwa pale, wataelekea mahakamani.

"Wazee wetu hawajui kulalamika mbele ya mgeni," anasema. "Watajifunza. Na ofisi itajifunza kuuliza vizuri."

Kampuni imemkataza kuingia nyumba hii nje ya saa zake tano, nazo ziliisha jana. Anakunja mikono ya blauzi, anamshika Mama Ghattas kwapani, wanaelekea bafuni hatua kwa hatua.

"Waje wanitoe," anasema huku akifungulia maji. "Ila wapige hodi kwanza. Mama yuko uchi."