Rimu Nne za Baba

Rafiki yangu, usiwaamini wanaosema kisasi hakina ladha. Kina ladha, tena tamu. Nimekionja juzijuzi hapa mtaani Pioneer, katika karakana yangu ya kupaka magurudumu rangi, na nitakusimulia bila aibu.

Alikuja mzee mmoja na gari kuukuu lililotunzwa. Mimi nilikuwa na barakoa na ovaroli, vumbi hadi kwenye kope, kwa hiyo hakuona mtu, aliona fundi tu. "Wewe fundi, hizi rim ni original," akaniambia. "Nilinunua na jasho yangu. Nataka zing'are, nyeusi tititi. Jumamosi tunaenda kwa mahari ya kijana yangu." Sauti ile ningeitambua popote. Alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye sikuwa nimemwona tangu utotoni. Na rimu zile zilikuwa za baba.

Twende Kapseret nilikokulia kwanza, ndiyo utanielewa.

Tulikaa kwenye kiploti kilichopakana na shamba la mahindi, karibu sana na kiwanja cha ndege, hata ndege ikishuka kuku wetu walikimbilia chini ya ghala. Baba alikuwa karani mjini. Kila Jumamosi asubuhi, baridi ikiwa bado inauma vidole, alichuchumaa kando ya gari lake na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua rimu moja baada ya nyingine mpaka ile rangi yake ya maziwa ikaonekana. Sisi wasichana tuliteka maji. Mama alipita na sufuria ya viazi vitamu akimuuliza kama na gari litataka kiamshakinywa. Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na viazi vilivyoshika chini ya sufuria ndiyo Jumamosi kwangu hadi leo.

"Mtu hutazamwa miguu kwanza," baba alipenda kusema, "uso baadaye." Rimu moja ilipinda siku alipomkimbiza jirani hospitalini kujifungua, akaingia shimo njia ya Kesses. Wengine wangenunua nyingine. Yeye aliilaza juu ya kisiki cha mkaratusi akaigonga alasiri nzima, na ukingo ukabaki na kovu kama mkate uliong'atwa. Mtoto wa jirani alizaliwa salama, na mama yake alituletea maziwa kwa muda mrefu, hata tukachoka nayo.

Kisha baba akafa. Tulimzika nyumbani kwao, upande wa magharibi, na baada ya siku chache ikawa kunyoa. Kama hujui mila yetu, siku hiyo jamaa hunyolewa, kisha wazee hukaa na kugawa vitu vya marehemu mbele ya watu wote. Koti lilipata mwenyewe, redio na baiskeli vikapata wenyewe. Gari, wazee wakasema, ni la mjane na watoto. Hapo baba mdogo akasimama, kichwa kinang'aa kwa wembe, akasema kwa upole kabisa kwamba gari ni la watoto, sawa, lakini nyumba haina mvulana wa kuliendesha. Yeye ana gari la aina ileile. Basi aazime magurudumu tu. "Nitarudisha, hiyo nyumba ikipata dereva," alisema. Watu wakacheka. Mama alikuwa na kanga usoni, na mjane hapingi siku ya kunyoa. Wazee wakakichukua kile kimya chake kuwa ndiyo.

Alikuja Kapseret na jeki. Akaliweka gari la baba juu ya mawe manne, akapakia magurudumu, akanywa chai yetu, akaenda. Hakurudi tena, hata kutusalimia. Njiani kwenda shule watoto wenzetu waliimba kwamba gari letu linakula mawe. Kuku wakaingia wakataga kwenye kiti cha dereva. Mama alisema, "Mungu anaona." Mimi nilisema moyoni, na mimi pia naona. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini chuki niliyoikalia ilikuwa ya mtu mzima, na niliilisha vizuri.

Pengine ndiyo maana nikaingia kazi hii. Mwalimu wangu alitaka niwe muuguzi. Mimi nilienda kukaa na mafundi, nikajifunza kuvua rangi kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu, kunyunyiza rangi ya unga inayong'ang'ania chuma, kisha kuioka kwenye tanuri mpaka iyeyuke na kushika. Ni kama kuoka mkate, ila huu hauliwi.

Basi siku hiyo nikamjibu baba mdogo, "Sawa, mzee. Acha gari, uje Jumamosi." Alipoondoka nikafungua rimu zile. Alikuwa amezipaka rangi ya fedha ya geti kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, jinsi watu wetu wanavyopaka geti Krismasi ikikaribia. Kumbe rangi ile ya kufichia wizi ndiyo iliyozuia kutu. Mchanga ulipoimaliza, kovu likatokea ukingoni. Nikalishika kwa kidole, nikalia ndani ya barakoa, kisha nikacheka.

Nyeusi aliyotaka hakuipata. Nilizioka kwa rangi ya maziwa. Nikafagia uwanja, nikatafuta mawe manne, nikaliweka gari lake juu ya mawe hayo.

Jumamosi alifika na wazee watatu, wote na makoti na kofia, tayari kwa safari ya ukweni.

"Hii ni nini? Gari yangu iko kwa mawe?"

Nikavua barakoa. "Karibu, baba mdogo. Ulisema utarudisha, nyumba ikipata dereva. Imepata."

Alinitazama, akayatazama mawe. Nikawaeleza wazee wale kila kitu, polepole, nikaanza na wembe wa kunyoa nikamaliza na kuku kwenye kiti. Mmoja aligeuka akacheka ndani ya kofia. Walienda ukweni kwa bodaboda, wawili wawili, na matope ya Pioneer yakipanda kwenye suruali zilizopigwa pasi. Nilitamani mama angekuwepo auone mgongo wa baba mdogo ukienda. Nilishiba, rafiki yangu. Sikudanganyi.

Lakini kabla ya kupanda pikipiki baba mdogo alinisogelea, akauliza taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu: "Sawa, mama. Na gari ya ndugu yangu iko wapi, uzifunge hizo rim?"

Tulipohama Kapseret, gari la baba lilichukuliwa na watu wa chuma chakavu. Walilikata kwa gesi palepale kwenye mawe yake, mama akiwatolea mayai kutoka kwenye kiti. Kiploti kina ghorofa sasa, na kisiki kiling'olewa. Rimu sikumpa; gari lake alilifuata baadaye na magurudumu ya kununua. Zimeegemea ukuta wa karakana, nzuri kuliko siku zilipotoka kiwandani, na wateja huniuliza ni za gari gani.

Miaka yote hiyo, geti lolote likifunguliwa, nilikuwa namngoja mtu yule. Sasa amekuja na amekwenda, na jioni nikifunga karakana sina tena ninayemngoja.